Ukitoka Rufaa, Rudi Zahanati

Ndugu wananchi wa Dodoma, nanyi jirani zetu wa Singida na Kiteto, mnakumbuka yaliyotupata katikati ya mwaka 2016?

Yalianzia wilayani Chemba. Watu wakaanza kutapika na kuumwa tumbo, macho yakawa ya njano, wengine wakavimba tumbo na miguu. Wengi walikuwa watoto. Muda si muda habari zikasikika Kondoa, zikavuka mpaka hadi Kiteto. Watu wakauita ugonjwa wa ajabu, kwani wangeuitaje?

Hebu fikiri ungekuwa wewe ndiye tabibu wa zahanati siku ile. Mama kaleta mtoto mwenye macho ya njano. Ni malaria? Ni homa ya ini? Ni homa ya manjano? Au ni dawa ya mizizi aliyonyweshwa juzi? Yote hayo huweza kugeuza macho rangi, nawe mkononi una kipimo cha malaria, dawa chache na daftari la wagonjwa.

Jibu halikupatikana kwa kumtazama mgonjwa peke yake. Wataalamu walikwenda nyumbani kwa watu. Waliuliza nyumba zenye wagonjwa zinakula nini, wakauliza na nyumba zisizo na wagonjwa. Walichukua damu, wakachukua na mahindi, wakapeleka maabara. Ikaonekana kwamba ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka. Kufikia mwisho wa uchunguzi walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Wenzetu wa Kenya waliupata msiba kama huo mwaka 2004 huko Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Siyakumbushi haya ili tuogope ugali. Nataka tuone ni nani waliolifumbua fumbo lile. Madaktari na wataalamu wa maabara walifanya yao, tunawashukuru. Lakini walikuwapo pia akina mama waliokubali kufungua ghala zao kwa wageni, wakasema bila kificho mahindi yalivunwa lini, yalianikwa wapi na nani alikula nini. Bila maelezo yale, mashine za maabara zingepima nini?

Ndiyo maana nasema utafutaji wa ugonjwa mgumu ni kazi yetu sote, si ya daktari pekee.

Tuanze na jambo dogo. Ukienda zahanati, humweleza tabibu mambo yote? Wengi wetu hufika na kusema, "Nina malaria," tukanyamaza. Tumekwisha kujipima wenyewe! Afadhali tuseme maumivu yalianza lini, yanakuja saa ngapi, nani mwingine nyumbani anaumwa, tulikula nini, tulimeza dawa gani kutoka duka la dawa. Na kama ulipita kwa mganga wa kienyeji, mwambie tu. Hakuna aibu hapo, na dawa uliyopewa inaweza kuwa ndiyo ufunguo wa mambo.

Halafu kuna hili la kipimo cha malaria. Tone la damu kidoleni, dakika 15 hivi za kusubiri, mstari mmoja peke yake unatokea, yaani malaria haikuonekana. Je, tunafurahi? Mara nyingi tunanuna. Tunaomba dawa ya malaria hivyo hivyo, na muuguzi aliyechoka, mwenye foleni hadi mlangoni, anashindwa kubishana nasi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliangalia hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, kabla vipimo vya haraka havijaenea. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na vimelea kwenye damu walikuwa 2,062. Hawa wengine, zaidi ya nusu, walikuwa na nini? Nimonia, pengine. Maambukizi kwenye damu, pengine. Kwa hiyo mstari mmoja usikukatishe tamaa. Muulize mhudumu kwa upole, "Sasa kama si malaria, tuangalie nini?" Swali hilo humpa nafasi ya kufikiri, na kufikiri ndiyo kazi aliyoisomea.

Siku hizi hatuko mbali na wataalamu kama zamani. Hospitali ya Benjamin Mkapa, pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, inapandikiza figo tangu mwaka 2018, na sasa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Nani angeyaota haya kizazi kimoja nyuma? Lakini mtoto wa Mpwapwa au Manyoni hafiki kwenye kitanda kile mpaka mtu fulani, kwenye kituo kidogo, aone viganja vilivyovimba na maumivu yanayojirudia, ashuku, aandike rufaa. Asiposhuku yeye, safari haianzi.

Je, mtu huyo tunamtunza?

Mara nyingi ni kijana. Kaja na cheti chake kutoka Moshi au Mbeya, lugha ya hapa haijui vizuri, familia yake iko mbali. Anaamshwa saa nane za usiku kwa ajili ya mama mjamzito, na asubuhi foleni inamsubiri. Mshahara wake hatuupangi sisi, ni kweli. Lakini paa la nyumba ya mtumishi linalovuja, mlango usiofunga, ndoo ya maji kiangazi cha Septemba, hayo hayako mbali na uwezo wa kijiji. Wajumbe wa kamati ya kituo, mkutano ujao mwekeeni ajenda yake. Na usiku ule mnapomwita, atokee mtu wa kumsindikiza na tochi kwenda na kurudi.

Naye ana ndoto zake. Mwenye cheti anataka stashahada, tabibu anataka kuwa daktari, daktari anataka ubingwa. Vyuo viko hapa hapa kwetu: Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, chuo cha afya cha Mvumi, chuo cha uuguzi Mirembe. Wakubwa wa kazi, kijana akileta barua ya kuomba ruhusa ya masomo, isikae mezani mpaka dirisha la maombi lifungwe. Nasi wanakijiji, anapoondoka kwenda kusoma tusiseme ametukimbia. Tumuage vizuri. Aliyeagwa vizuri hukumbuka njia ya kurudi.

Nawataja pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, na lengo ni kuandaa 137,294 nchi nzima katika miaka 5. Ni watoto wa vitongoji vyetu wenyewe. Mmoja wao akibisha hodi akiwa na daftari lake, mpe kigoda. Maswali yanayoonekana ya udaku ndiyo yale yale yaliyoleta jibu kule Chemba.

Na watafiti je, wakija na karatasi zao za kuomba ridhaa? Una haki ya kuuliza wanatafuta nini, majibu yatarudi lini, na una haki ya kukataa. Ila kumbuka Kongwa. Miaka ya 1980 na 1990 familia za huko, kwenye shida kubwa ya maji, ziliruhusu watafiti wachunguze macho ya watoto wao miaka kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa uso wa mtoto unaonawishwa, pamoja na dawa ya macho, hupunguza trakoma kali. Leo kunawa uso ni sehemu ya mpango wa dunia nzima dhidi ya ugonjwa huo. Vijiji vya Ugogo vilifundisha dunia, na sijui kwa nini hatujisifu zaidi.

Nyumbani, kabla hatujafika hospitali, kazi ni ile ya msimu wa mavuno. Anika mahindi kwenye turubai, si chini. Yakauke sawasawa kabla ya kufungwa. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa tuzichague na kuzitupa, tusizipeleke kwenye pombe wala kwa kuku. Kupika hakuiondoi sumukuvu, na karanga za uji wa mtoto nazo tuzichambue vivyo hivyo.

Nimeweka mwisho ombi ambalo naliona kubwa kuliko yote, ingawa halina gharama.

Ukipewa rufaa, ukaenda Benjamin Mkapa au General, hospitali ya mkoa wa Dodoma, ukapimwa, ugonjwa ukajulikana, unarudi nyumbani na karatasi yenye majibu. Karatasi ile huwa inaishia wapi? Chini ya godoro, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki. Yule tabibu aliyekutazama kwanza, akashuku, akakuandikia barua, hajui mpaka leo kama alipatia au alikosea. Atajifunzaje?

Ndugu yangu, ukitoka rufaa, wiki hiyo hiyo pita zahanati. Mpe aisome, anakili kwenye daftari lake, akuulize mawili matatu. Mwezi ujao ataletewa mtoto wa jirani yako mwenye dalili kama zako.