Azola: Mmea Mdogo wa Majini Wenye Faida kwa Mpunga na Mifugo

Katika majaruba ya mpunga na katika vidimbwi vya maji yaliyotulia, mara nyingi huonekana utando wa kijani uelea­o juu ya maji mfano wa zulia. Wako watu wengi wanaodhani kuwa ni uchafu tu, nao huukokota kwa reki na kuutupa kando. Lakini mara nyingine utando huo si uchafu hata kidogo. Ni mmea wa jamii ya kangaga, uitwao azola. Mche mmoja wa aina yake ya kawaida ni mdogo hata huweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na mizizi yake huning'inia majini bila kushika udongo.

Wakulima wa mpunga wa Uchina na Vietnam wameutumia mmea huu kuwa mbolea kwa karne nyingi. Yafaa habari zake zijulikane pia na mkulima wa Mwea, Ahero au Bunyala, na hata na karani mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba yake. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda duniani kote, wengi walitambua jinsi gharama za shamba ziwezavyo kula faida kabla ya siku ya mavuno.

Nguvu yake yatoka wapi

Ndani ya kila jani la azola mna kijishimo, na ndani ya kijishimo hicho hukaa viumbe vya jamii ya bakteria, visivyoonekana kwa macho. Viumbe hivyo huitwaa naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Maharagwe na kunde nazo hupata msaada kama huo kwa bakteria wakaao mizizini. Tofauti ni kwamba azola hupata wake juu ya maji.

Kwa sababu hiyo azola huongezeka upesi sana. Ikiwa maji yana joto la kadiri, baina ya digrii 20 na 30 za Selsiasi, nayo imelishwa vizuri, uzito wake huweza kuwa maradufu kwa siku 5 au hata pungufu. Kwa hesabu hiyo, kilo 1 iliyopewa nafasi ya kutosha huweza kufikia kilo 256 baada ya siku 40. Basi mkulima hana haja ya mbegu nyingi. Ana haja ya utunzaji.

Kutengeneza kidimbwi

Njia iliyoenea sana huko Bara Hindi ni hii. Huchimbwa shimo lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 20, mahali penye kivuli chepesi, maana jua kali la mchana kutwa huuchoma mmea. Shimo hutandikwa turubai la plastiki lisilovuja, na kingo zake hukandamizwa kwa matofali. Juu ya turubai hutawanywa kilo 10 hadi 15 za udongo mzuri uliochungwa. Kisha kilo 2 za samadi ya ng'ombe na gramu 30 za mbolea ya supafosfati hukorogwa katika lita 10 za maji na kumiminwa humo. Maji huongezwa mpaka yafike kina cha sentimita 10, ndipo azola safi ya nusu kilo hadi kilo 1 inapotawanywa juu yake.

Baada ya siku 10 hadi 15 kidimbwi hujaa. Tangu hapo mkulima huweza kuvuna karibu nusu kilo kila siku. Tena ni lazima avune, kwa kuwa azola iliyosongamana hukosa nafasi, huoza, na maji yake hunuka.

Utunzaji wa kila juma

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Yuko mkulima achimbaye kidimbwi kwa bidii, akafurahia kijani cha majuma mawili, kisha akakisahau. Baada ya mwezi huona majani yamekuwa mekundu na mizizi imerefuka, akasema kwamba mbegu ilikuwa mbaya. Mara nyingi mbegu haina kosa. Azola hujipatia naitrojeni, bali fosforasi haiwezi kuipata hewani. Ikikosa fosforasi hudumaa na kugeuka rangi. Baridi na jua kali pia huweza kuleta wekundu huo; kwa hiyo mkulima hutazama kwanza kivuli na hali ya hewa, ndipo aamue juu ya mbolea.

Ratiba yenyewe si ngumu. Kila baada ya siku 5 hutiwa gramu 20 za supafosfati pamoja na kilo 1 ya samadi. Kila siku 10, robo ya maji huondolewa na kuwekwa maji mapya. Kila siku 30, kilo 5 za udongo wa zamani hubadilishwa. Baada ya miezi 6 kidimbwi chote husafishwa na kuanzwa upya. Maji yasiachwe kukauka, kwa maana azola hufa upesi ikikosa maji. Konokono na viwavi waondolewe mara waonekanapo, kabla hawajala utando wote.

Katika jaruba la mpunga

Mkulima wa mpunga huweza kutumia azola kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuitawanya katika jaruba lenye maji kabla ya kupandikiza miche, kuiacha ifunike maji yote, kisha kupunguza maji na kuichanganya na tope. Ya pili ni kuitawanya baada ya miche kushika, ikue pamoja na mpunga, halafu kuizika kwa miguu au kwa chombo cha kupalilia. Katika njia hii ya pili utando wake huyanyima magugu mwanga.

Jambo la kukumbuka ni kwamba azola ielea­yo haijaupa mpunga chakula kingi. Ni lazima izikwe ioze. Tabaka moja lililojaa vizuri na kuzikwa huweza kuleta kilo 20 hadi 40 za naitrojeni kwa hekta. Tukichukua kilo 30, ekari moja hupata kilo 12 hivi. Mfuko wa kilo 50 wa salfeti ya amonia una kilo 10 na nusu za naitrojeni. Basi tabaka hilo ni sawa na mfuko mmoja na zaidi kidogo. Mkulima asiache mbolea ya dukani yote kwa mara moja. Na ajaribu kwanza katika jaruba moja, apunguze mbolea kidogo, alinganishe mavuno na jaruba la jirani.

Chakula cha mifugo

Azola iliyokaushwa ina protini ya asilimia 20 hadi 30, na kuku, bata, nguruwe na samaki huila. Hata hivyo yapasa kusema kweli, kwa kuwa wako wauzaji wa mbegu wanaoahidi makubwa. Karibu uzito wote wa azola mbichi ni maji. Nusu kilo iliyovunwa leo, ikikaushwa, haizidi gramu 30 hivi, na kuku mmoja wa mayai hula gramu 120 za chakula kwa siku. Kidimbwi kimoja basi huongezea chakula cha kuku wachache. Hakiwezi kuwa badala yake. Anayetaka kumpa ng'ombe wa maziwa kilo 2 mbichi kila siku atahitaji vidimbwi 4.

Kabla ya kulishwa, azola ioshwe vizuri katika maji safi mpaka harufu ya samadi itoke, nayo ichanganywe na chakula cha kawaida kidogo kidogo hadi wanyama waizoee. Isitolewe katika maji machafu ya mji wala katika jaruba lililonyunyiziwa dawa karibuni, kwa sababu mmea huu hufyonza sumu zilizomo majini.

Hatari zake

Huko Afrika Kusini aina moja ya azola kutoka Amerika ilionekana mwaka 1948 katika wilaya ya Colesberg, ikiwa imeletwa kuwa pambo la vidimbwi vya samaki. Haikukaa vidimbwini. Ilienea mitoni na katika mabwawa, ikafunika maji hata mifugo ikashindwa kunywa. Nchi hiyo ilipata nafuu baada ya kuachiliwa mdudu mdogo wa jamii ya fukusi mwaka 1997, ambaye hula aina hiyo ya azola. Katika Kenya, ziwa la Naivasha nalo lilivamiwa na salvinia, kangaga mwingine wa majini, katika miaka ya 1960.

Kwa hiyo mkulima achukue aina iliyokwisha kuwako katika wilaya yake, wala asiagize aina ya kigeni. Ziada isitupwe mtoni wala ziwani, ifanywe mboji. Na kidimbwi kizungushiwe ua imara. Utando mnene huonekana kama nyasi, na mtoto mchanga aweza kuukanyaga akidhani ni nchi kavu. Sentimita 10 za maji zatosha kumwua.

Mwisho, kila kidimbwi kiwe na daftari lake: siku ya kutia samadi, uzito uliovunwa, mayai yaliyopatikana, fedha iliyobaki dukani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka ukiisha, daftari hilo litamwonyesha mkulima kama kidimbwi kimemlipa taabu yake, naye ataamua kwa hesabu iwapo achimbe cha pili.