Somo la Hifadhi ya Ardhi Lianze na Kupima

Mwanachuo anapoandaa somo la mmomonyoko wa udongo kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, mara nyingi huanza na maana ya neno, akafuatisha sababu, akamalizia na njia za kuzuia. Sababu ya kwanza ubaoni karibu kila mara huwa ni wingi wa mifugo, na ya pili ni ukataji ovyo wa miti. Watoto hunakili, hukariri, na siku ya mtihani hujibu sawasawa. Kisha hurudi nyumbani kwa njia ile ile inayokatiza korongo, wala hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama korongo hilo lilikuwa na upana huo mwaka jana. Nionavyo mimi, katika nyanda hizi za kati somo la namna hiyo bado halijafundishwa.

Wapo wanaosema kwamba usimamizi wa maliasili ni elimu ya chuo kikuu, na kwamba shule ya msingi yatosha kuwapa watoto msamiati wake tu. Ni kweli kwamba elimu hiyo ina makao yake: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro tangu 1984, na hapa Dodoma tunacho Chuo Kikuu kilichoanzishwa 2007 katika eneo la Chimwaga. Lakini wengi wa watoto tunaowafundisha hawatafika huko, na hao ndio watakaorithi mashamba, malisho na visima. Tena, tukichunguza jinsi elimu hiyo ilivyoanza katika mkoa huu, tutaona kwamba ilianza kwa kukinga maji ya mvua.

Katikati ya miaka ya 1930, pale Mpwapwa, mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi yenye mteremko. Kimoja kiliachwa kitupu. Kingine kililimwa na kupandwa nafaka. Cha tatu kilikuwa na nyasi. Na cha nne kilikuwa kichaka kisicholishwa mifugo. Maji yaliyotiririka yalikingwa chini ya kila kipande, yakapimwa pamoja na udongo yaliouchukua. Kwenye ardhi tupu nusu ya mvua ilikimbia, ikabeba tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka, yaani karibu kilo 15 katika kila mita moja ya mraba. Kwenye shamba la nafaka robo ya mvua ilikimbia, na udongo uliopotea ulikuwa tani 78. Kwenye nyasi maji yaliyopotea hayakufika asilimia 2, na kichakani hayakufika hata asilimia 1. Udongo haukupotea kwa kiasi cha kupimika. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walifanya kazi ya jamii hiyo hiyo: walipima tope lililojaa katika mabwawa ya Dodoma, likiwamo la Ikowa lililojengwa 1957. Bwawa lililojengwa ili watu wapate maji lilikuwa likijazwa na udongo wa mashamba na malisho ya watu hao hao.

Sasa zitazame takwimu za Mpwapwa mara ya pili. Hazimweki ng'ombe kuwa mshtakiwa wa kwanza. Zinaitaja ardhi isiyofunikwa, iwe imevuliwa nguo yake na kwato, na jembe au na moto. Na shamba la mkulima limo. Mwalimu anayeandika "wingi wa mifugo" na kupita, mbele ya darasa lenye watoto wa wafugaji, anawaambia watoto hao kwamba baba zao ni waharibifu, wala hajawaonyesha ushahidi wowote. Mtoto ataandika jibu ili afaulu, na moyoni ataendelea kumwamini babu yake. Mimi nisingemlaumu.

Jambo hili si la darasani peke yake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika eneo la kilometa za mraba 1,256 la vilima vya Kondoa lililokuwa limeliwa na makorongo. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ilichukuliwa Mvumi. Nyasi na miti vilirudi. Hilo halina ubishi. Lakini wenye mifugo walipoteza kwa mkupuo maziwa, samadi na akiba yao. Baadaye watafiti waliopima umri wa tabaka za udongo huko Haubi walikuta kwamba mmomonyoko katika vilima vile una historia ya maelfu ya miaka, wala haukuanza na wafugaji wa jana. Wasomi wamekwisha kuirekebisha orodha yao ya sababu. Ile ya ubaoni ingali vile vile.

Ndugu mwanachuo, vifaa vinavyohitajika si vingi. Chagua mahali penye mteremko kidogo karibu na shule. Tenga vipande viwili, kila kimoja mita moja kwa mita moja, uvizungushie kingo za udongo ulioshindiliwa au mbao kuukuu. Kimoja ukiache kitupu, kingine ukifunike kwa nyasi kavu au mabua ya mtama. Upande wa chini wa kila kimoja acha mlango mdogo, na hapo fukia ndoo iliyofunikwa juu ili mvua isiingie moja kwa moja. Mahali pa wazi weka kopo lenye pande zilizonyooka, mpime kina cha mvua kwa rula. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ikinyesha milimita 20, kila kipande kimepata lita 20. Je, ni lita ngapi zilizomo ndooni? Ni asilimia ngapi ya mvua yote? Korogeni maji hayo, mjaze chupa, muiache hadi kesho tope litulie, kisha mpime kimo chake. Hapo ndipo ulitaje neno mmomonyoko, na darasa litakusaidia kulitolea maana. Mwaka wa masomo huanza Januari, na mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kalenda si kikwazo.

Nitaambiwa kwamba madarasa yamejaa na muhtasari ni mrefu. Ni kweli, lakini kazi hii yaingia katika vipindi vya hisabati na sayansi vilivyopo, na vikundi vyaweza kupokezana zamu. Ugumu halisi ni kwamba matokeo hayatafuata kitabu kila mara. Mvua ndogo ya kwanza huenda ikanywewa yote na ardhi, ndoo zote mbili zikakutwa kavu mbele ya mkufunzi aliyekuja kukutathmini. Usitie maji ndooni ili kuliokoa somo. Waache watoto waandike tarehe, milimita 4, na neno "hakuna" katika safu zote mbili, kisha wazirudishe ndoo mahali pake wakingoje mvua inayofuata.