Haki ya Mwanariadha Isikanyagwe

Agosti 2009, mjini Berlin, msichana wa Afrika Kusini mwenye umri wa miaka 18, Caster Semenya, alishinda mbio za mita 800. Saa chache kabla ya fainali, shirikisho la riadha la dunia lilikuwa limekwisha kuutangazia ulimwengu kwamba linachunguza kama yeye ni mwanamke. Siri ya daktari ikafanywa habari ya sokoni!

Wala chama cha nyumbani kwake hakikuwa na usafi. Kilimpima kabla ya safari. Rais wake akakana, kisha Septemba akakiri kwamba alisema uongo.

Mabwana wa shirikisho hudai kwamba mashindano ya wanawake hayana budi kulindwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kanuni yao ya 2018 ilimtaka mtu asiye mgonjwa apunguze homoni za mwili wake kwa dawa, tena kwa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja tu. Kwenye mita 200 homoni hiyo hiyo haikuwa na neno. Mwaka 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilitamka kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi, ikaipitisha hata hivyo. Mwaka 2021 wanasayansi wa shirikisho lenyewe walikiri kwamba utafiti wao wa 2017 haukuthibitisha kuwa homoni ndiyo iliyoleta ushindi. Je, kanuni ilifutwa? Mwaka 2023 ilipanuliwa hadi michezo yote ya riadha.

Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Semenya hakusikilizwa kwa haki nchini Uswisi. Alikuwa na umri wa miaka 34.