Tuliosha uso, tukasahau miguu

Wasee, leo naongea na nyinyi mnaonitumia picha za gari za zamani mkiuliza, "Bro, tupake rangi gani?" Jibu langu ni moja: kwa sasa, usipake yoyote. Kama hujafungua breki ukaona ziko aje, hiyo rangi ni mekapu kwa mgonjwa.

Najua nawaudhi. Lakini mimi mwenyewe nilianza na rangi, na nusura nimgonge mtoto.

Gari ni Volkswagen Beetle ya 1965, ya guka. Ilikaa chini ya mti wa parachichi huko Kikuyu miaka 19, kuku wakitaga kwa kiti cha nyuma. Mwaka jana akaja msee wa skrap, akatoa ofa ya elfu 30. Guka alikuwa karibu kukubali. Mimi na binamu yangu tukamwomba atupatie mwaka mmoja. Akasema sawa, lakini na yeye ana sharti: gari ikipona, ataenda nayo kanisani, yeye mwenyewe kwa usukani. Guka ana miaka 81, kwa hivyo mnaelewa mwaka mmoja kwake si kitu cha kuchezea.

Tulifanya vile kila mtu hufanya kwa video. Tukapiga msasa, tukajaza mashimo ya kutu na puti, tukapuliza nyekundu. Elfu 46 ikaenda hapo. Video ya kabla na baada ikapata views kuliko kitu chochote nimewahi kupost. Injini tukaishughulikia pia: plagi mpya, pointi mpya, kabureta ikaoshwa, betri mpya ya volti 6. Ikanguruma. Shosho akapiga vigelegele. Breki? Tulikanyaga pedali gari ikiwa imesimama, tukaona ni ngumu, tukasema ziko poa.

Jumamosi moja tukaishusha kwa mteremko wa kwenda getini. Nikakanyaga breki. Pedali ikaenda hadi chini kama nimekanyaga hewa. Nikavuta breki ya mkono, lakini kebo yake ilikuwa imeshikana na kutu, haikushika chochote. Getini alikuwa amesimama mtoto wa jirani, miaka 6 hivi, na chupa ya maziwa mkononi. Nilikata usukani kushoto nikaingia ndani ya ua la kayaba. Mwenye anajua kayaba anajua miiba yake. Rangi ya elfu 46 ilichanika kutoka taa ya mbele hadi mlango. Mtoto hata hakuangusha maziwa.

Mikono yangu ilitetemeka hadi jioni. Guka hakunifokea. Alikuja polepole na mkongojo wake, akaangalia magurudumu, akasema, "Mliosha uso. Nani aliangalia miguu?"

Fundi wa mtaa alifungua gurudumu moja tu la nyuma akatikisa kichwa. Wacha niwaeleze vile alinieleza. Beetle hiyo ina breki za dramu kwa magurudumu yote 4. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta ya breki kwenye paipu, mafuta yanasukuma silinda ndogo ndani ya kila gurudumu, nayo inasukuma lainingi zishike dramu. Shida ni kwamba mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani. Yakikaa miaka na miaka, silinda zinaota kutu kwa ndani na mipira yake inakauka. Inaweza kushika mara 5, ya 6 ikapasuka. Na gari yetu ni ya enzi zile ambapo mfumo ni mmoja kwa magurudumu yote: uvujaji wa gurudumu moja la nyuma unakunyima breki zote, hadi za mbele. Gari za leo zina mifumo miwili, moja ikifa nyingine inakusaidia. Yetu haina hiyo huruma.

Tulibadilisha masta silinda, silinda za magurudumu, lainingi, paipu za mpira na kebo ya breki ya mkono. Kisha tukatoa hewa, mmoja akikanyaga pedali, mwingine chini na spana. Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama strungi. Spea nyingi tulizipata Kirinyaga Road, na hii ndiyo raha ya Beetle: zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi 2003, kwa hivyo vipuri bado vipo. Jumla? Elfu 21 na wikendi 2. Chini ya nusu ya rangi. Hiyo hesabu bado inaniuma.

Halafu tukainua kiti cha nyuma, mahali betri hukaa. Fundi akagusa sakafu na bisibisi, ikapenya hadi nje. Tulikuwa tumeweka betri mpya juu ya sakafu iliyooza! Ilibidi tukate, tuchomelee bati jipya. Na ile puti yetu? Joto la kuchomelea liliitoa vipande vipande.

Sasa kuna wenye watasema, "Lakini rangi ndiyo inaleta views, na views ndiyo inalipa spea." Ni kweli, sitakataa. Video ya rangi ilinisaidia kununua hizo silinda. Video ya kutoa hewa kwa breki ilipata watu wachache sana. Lakini msee mmoja wa Nakuru aliiona, akaenda kufungua gurudumu la Datsun ya babake, akakuta silinda inavuja. Huyo mmoja ananitosha.

Na msidhani wazee walipenda Beetle kwa sababu ya urembo. Mwaka 1962 Beetle ilishinda Safari Rally, Tommy Fjastad akiwa kwa usukani. Njia zilikuwa vumbi na matope, hakuna mwenye alikuwa anaangalia rangi. Ilishinda kwa sababu ilifika.

Kwa hivyo, kama una gari imelala nyumbani, fuata hii njia. Iweke juu ya stendi imara. Usiwahi kulala chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake. Anza na breki. Kisha paipu za mpira za petroli, kwa sababu zikipasuka karibu na injini moto utapoteza gari na pengine nyumba. Angalia matairi: namba 4 za mwisho kwenye alama ya DOT zinaonyesha wiki na mwaka yalitengenezwa, hata kama yanaonekana mapya. Kisha usukani, sakafu, waya. Usifungue kila kitu siku moja. Maliza kazi moja ndio uingie nyingine, la sivyo utabaki na ndoo za nati na gari isiyorudi. Rangi ije mwisho, doh ikibaki.

Yetu haijapakwa tena. Michubuko ya kayaba bado iko, na guka amekataa tuiguse. Jumapili iliyopita aliwasha, akateremka hadi getini, akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akateremka tena, akasimama. Mara 3. Ndipo akamfungulia shosho mlango, wakaenda kanisani.

Wikendi hii weka hiyo kopo ya rangi chini. Fungua gurudumu moja, uone chenye kiko ndani.