Tundu moja kwa kazi zote: ni nani aliyetuuliza?

Jioni moja mama aliyekimbia vita, anayehifadhiwa na familia huku Kadutu, alinipa tangazo la kumtafuta mtoto waliyepotezana njiani. Nikamrekodi. Laptopu niliyokuwa nayo ni ya kisasa, ina matundu mawili tu ya USB-C, na moja limelegea. Umeme ulirudi betri ikiwa inakaribia kuisha. Katika tundu lililobaki nichomeke nini, chaja au kisoma kadi chenye sauti ya mama? Nikaanza na chaja. Kabla betri haijafika popote, umeme ukakatika tena. Tangazo lilipita kesho yake.

Laptopu za zamani zilikuwa nzito, sikatai. Lakini chaja ilikuwa na tundu lake, kadi lake, hedifoni lake, waya wa intaneti lake. Moja likifa, mengine yanaendelea na kazi. Tundu la chaja mara nyingi fundi alilibadilisha upesi. La USB-C mara nyingi limelehemiwa kwenye bodi kuu, na hapo fundi anakuna kichwa kwanza ndipo anataja bei.

Tena yanadanganya macho. Matundu mawili yanafanana kabisa, kumbe moja linapokea chaji na jingine halipokei. Waya nazo ni vilevile.

Mwaka 2016 Apple waliondoa karibu matundu yote kwenye MacBook Pro, wakabakiza USB-C na hedifoni. Mwaka 2021 wakarudisha tundu la kadi, la HDMI na la chaja peke yake. Matajiri walilalamika, wakasikiwa. Sisi tunauziwa adapta sokoni.

Mtaniambia chaja moja kwa vyombo vyote ni nafuu kwa familia iliyokimbia na mfuko mmoja. Kweli, hilo nalipenda. Jirani akikuazima chaja ya simu yenye nguvu, unaweza kufanya kazi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka USB-C ya kuchajia kwenye laptopu mpya tangu 28 Aprili 2026, lakini haikatazi matundu mengine kando yake. Wanaoyaondoa ni watengenezaji wenyewe, eti laptopu iwe nyembamba. Nani hapa Bukavu aliomba wembamba?

Nanyi mashirika mnaozipa laptopu redio za jamii na wanafunzi waliohama makwao: kabla ya kulipa, hesabuni matundu. La chaja liwe peke yake, la kadi liwepo, na fulashi ya kawaida iingie bila adapta.