Askari ajenge angali kazini





Tangu Jeshi la Wananchi lilipoundwa Septemba 1, 1964, askari wengi wamestaafu kwa heshima. Wapo waliovuka Mutukula wakaingia Kampala Aprili 1979. Lakini askari aliyezeeka katika nyumba za kambi, Lugalo au kwingineko, siku ya kurudisha ufunguo ndipo hukumbuka kuwa hana hata kiwanja.

Mimi yalinikuta. Nilitoa kiinua mgongo changu kununua kiwanja huku Mbagala kwa haraka, kumbe kimeshauzwa kwa mtu mwingine. Nikaishia kupanga chumba kimoja na familia yangu.

Nashauri mafunzo ya kustaafu yatolewe askari angali na miaka kumi kazini, siyo miezi ya mwisho. Pia auziwe kiwanja kilichopimwa, akatwe kidogo kidogo katika mshahara. Nanyi vijana mlioko kambini, msingoje kuagwa kwa gwaride. Akiba haiozi.

Askari Mstaafu,
Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.