Mwarobaini Hauna Wanahisa

Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W.R. Grace ya Marekani, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, hataza juu ya matumizi ya mafuta ya mwarobaini kuzuia ukungu unaoshambulia mimea. Mwaka uliofuata Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa Bunge la Ulaya na shirikisho la kilimo hai la IFOAM waliweka pingamizi. Hataza ikafutwa mwaka 2000. Rufaa nayo ikatupwa mwaka 2005.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa hekima ya mababu. Mimi nakisoma vingine. Wapingaji hawakushinda kwa kulalamika kwamba wameibiwa. Walishinda kwa ushahidi kwamba matumizi hayo yalikwishajulikana India kabla ya ombi la hataza. Kesi ile ingekuwa yetu, sisi ambao mwarobaini umejaa katika nyua zetu, tungepeleka nini mezani? Jina la mti na maradhi yake arobaini?

Nauliza nikiwa mshitakiwa. Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia mwanafunzi aliyejaribu mafuta ya mbegu za mwarobaini dhidi ya ubwiriunga wa matango. Matokeo yalitia moyo. Yeye akapata shahada, mimi nikapata makala ya kunipandisha cheo, tasnifu ikapata rafu. Siku ya mwisho mkulima aliyetuazima shamba aliniuliza: "Sasa, mwalimu, dawa hiyo nitainunua wapi?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Sihubiri kwamba kila cha asili ni salama. Tumbaku nayo ni mmea, na nikotini yake huua. Azadiraktini, kiini mashuhuri cha mwarobaini, huharibika upesi juani, na kiasi chake hutofautiana kati ya mti na mti. Ndoo ya majani yaliyotwangwa si dawa mpaka tujue kipimo chake, muda wake na madhara yake.

Ndiyo maana siilaumu sheria inayotaka kila kiuatilifu kisajiliwe kabla ya kuuzwa. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ilituundia mamlaka ya kusimamia hayo, na ni vyema. Swali langu ni moja: nani atagharimia majaribio ya dawa isiyo na mwenyewe? Kampuni hulipia bidhaa yake kwa kuwa itarudisha fedha yake. Mwarobaini hauna wanahisa. Basi mlipaji hawezi kuwa mwingine ila umma, na umma bado haujatoa fungu la maana.

Tunayodai ni machache. Bajeti ya kilimo itenge fedha za kupima na kusajili dawa za mimea yetu kwa niaba ya wakulima. Vyuo vikuu vimpandishe cheo mhadhiri kwa dawa iliyofika shambani, si kwa makala tu. Maofisa ugani wafundishwe yaliyothibitishwa, nao wayakanushe yaliyoshindwa majaribio.

Nanyi mlioko wizarani mnaonisoma: tasnifu ile nitaitoa rafuni niilete mwenyewe. Niambieni tu niikabidhi kwenye meza ya nani.